Siku Mjomba Alipokaribishwa Kahawa Redioni

Mwezi uliopita nilipeleka pasi yangu kwa fundi, nikamkuta amefungua redio ya zamani, ya mbao, ya zile zilizokuwa na kitambaa mbele na vifundo viwili vya kuzungusha. Mgongo wa redio ile ulikuwa wazi. Nilipoinama kutazama ikanijia harufu ya vumbi la miaka mingi, gundi ya mbao na kitambaa kilichozoea joto, na pale pale nikawa nimeketi Kanyenye, Tabora, goti langu limegusana na la Bibi, tunamngoja Bwana Kahawa. Fundi aliniuliza mara mbili pasi ina ugonjwa gani. Wenzangu wa umri huu mtanielewa. Vijana wataona bibi kizee ameduwaa mbele ya takataka.

Nililelewa na Bibi, mama yake mama yangu. Mama alifariki kabla sijaanza kutembea, na baba alikuwa mtu wa reli, leo kituo hiki, kesho kile. Bibi alizaliwa Bukene, akaletwa Tabora mjini na ndoa, na mumewe alipofariki akabaki palepale akikaanga karanga za kuuza. Kiswahili chake kilikuwa safi, ila akikasirika kilirudi Bukene, akamalizia kwa Kinyamwezi. Baba yake alikuwa mpagazi wa zamani, miongoni mwa waliotoka bara hadi pwani kwa miguu na mzigo begani. Bibi alipenda kusema kwamba marehemu baba yake alirudi na vitu viwili tu kutoka pwani: kanzu moja na utani.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Fundi Rajabu, fundi cherehani, ndiye mwenye redio pekee katika mtaa wetu. Betri yake ilikuwa kubwa kama tofali, na waya ulipanda kutoka dirishani hadi kwenye mti mrefu aliousimamisha uani. Siku za kawaida redio ile ilikuwa ya serikali. Ilitutangazia ng'ombe wachanjwe, pamba ipandwe hivi na si vile, Bwana Gavana atapita mahali fulani. Watu waliisikiliza wamesimama, kama wanavyomsikiliza karani wa boma. Lakini Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, walikuja na mikeka.

Kipindi kiliitwa "Kahawa na Mgeni". Hakikuanza kwa ngoma wala tarumbeta, kilianza kwa mlio wa vikombe vya kahawa vikigonganishwa, kisha ukasikia kahawa inamiminwa, na ndipo sauti ya mtangazaji ikaja, nzito, ya uvivu kidogo, kama ya mtu aliyeamka usingizini akiwa na furaha. Jina lake halisi lilitajwa, lakini hakuna aliyelitumia. Kwetu alikuwa Bwana Kahawa. Alikuwa Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, na hakuficha. Kila wiki alimkaribisha mtu mmoja mwenye jina: mwimbaji, mcheza mpira, bondia, fundi wa kinanda. Hakumuuliza habari za maana hata moja. Alimuuliza amekula nini leo, anaogopa nini, na nyumbani walisemaje alipoianza kazi yake.

Namkumbuka golikipa mmoja maarufu wa Dar es Salaam aliyekiri kwamba anaogopa vyura, na kwamba mvua ikinyesha mkewe humtangulia bafuni na ufagio. Kuna mwimbaji wa taarabu aliyeunguza wali siku wakwe walipokuja, akawafuata sebuleni akawaimbia mpaka wakasahau njaa. Wanawake kwenye mikeka walifuta machozi kwa ncha za khanga. Fundi Rajabu alilazimika kuvua miwani.

Siku hizi najiuliza tulikuwa tunakunywa nini katika kahawa ile ambayo hata hatukuionja. Nadhani ni hiki: wiki nzima sauti zote za juu zilitutaka kitu. Zilitutaka tulime, tuchanje, tunyamaze, tusogee. Huyu peke yake hakututaka chochote. Na wale watu wakubwa, ambao majina yao yalipita kwenye treni pamoja na magazeti, walivuliwa ukubwa wao taratibu, kwa kucheka, mpaka ukaona kwamba golikipa angeweza kuwa jirani yako, naye angekuomba umtolee chura bafuni.

Bibi, ambaye siku sita za wiki hakuwa mtu wa kucheka, siku ya saba alicheka. Tukirudi nyumbani alinisimulia upya kila kitu nilichokwisha kukisikia, akiongeza yake.

Mimi nilikuwa na siri. Niliamini kwamba Bwana Kahawa anatusikia. Ushahidi nilikuwa nao. Kila Jumamosi aliuliza, "Hamjambo huko majumbani?" na baraza zima likajibu, "Hatujambo!" Yeye akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nashukuru." Kama alikuwa hatusikii, alinyamaza akingoja nini? Kwa hiyo nilikuwa naoga mapema, navaa gauni langu la Idi, naketi mstari wa mbele, na nikikohoa nageuza uso pembeni ili nisimkoholee.

Sasa niwaeleze habari za mjomba. Mjomba Saidi alikuwa kitinda mimba wa Bibi. Alipiga gitaa, na mahali ambapo wengine wangeimba kiitikio yeye alipiga mluzi, mluzi mwembamba uliokuingia mwilini. Miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, aliamua kwenda Dar es Salaam. Bibi hakupenda, lakini hakumkataza. Alimfungia kikapu cha karanga, na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na chupa ya asali. Tulimsindikiza stesheni watatu: yeye na gitaa lake, Bibi na kikapu, mimi na chupa. Treni ilipoanza kuvuta, Bibi alitembea nayo, mkono ameuweka kwenye ukingo wa dirisha, mpaka jukwaa likaisha. Kisha akaketi chini kwenye kokoto, mwanamke mzima mwenye heshima zake, akalia kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akilia hivyo pasipo maiti. Nilimshika ushungi nikangoja.

Barua moja ilikuja, ya kusema amefika. Baada ya hapo kimya. Lakini mluzi wake ulianza kusikika kwenye redio kati ya nyimbo, na watu wakaanza kumwita Saidi Mluzi. Kila ukipigwa, Bibi aliacha anachofanya. Ukiisha aliendelea.

Basi Jumamosi moja, mwisho wa kipindi, Bwana Kahawa akatangaza: "Wiki ijayo mgeni wetu ni kijana kutoka bara, Saidi Mluzi." Mtaa uliruka. Wiki nzima watu walimpongeza Bibi kana kwamba anaoza binti. Siku ilipofika alijifunga khanga mpya, akakaanga sinia zima la karanga, si za kuuza, akazipeleka barazani kwa Fundi Rajabu na kuzipitisha kwa kila mtu. Nilimwona akiiketisha mikono yake mapajani, ikainuka, akaiketisha tena.

Vikombe vikalia. Kahawa ikamiminwa.

"Umekula nini leo, Bwana Mluzi?"

"Nimekula muhogo wa kuchoma hapo mlangoni kwenu, na bado nina njaa."

Ilikuwa sauti ya mjomba hasa. Bibi alifumba macho.

"Ninyi Wanyamwezi!" Bwana Kahawa akasema. "Mlibeba mizigo kutoka bara mpaka pwani, mkasahau kubeba chakula?"

"Tulibeba, mtani. Ninyi Wazaramo ndio mliotupokea njiani mkakimaliza."

Baraza likalipuka. Bibi akapiga makofi mara moja, kwa sauti, kama msichana.

"Haya. Na nyumbani? Mama alisemaje ulipomwambia unakwenda kupiga gitaa?"

Hapo pakawa na kimya kidogo. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

"Mama?" mjomba akasema. "Mama alinifukuza na mwiko wa ugali! Kutoka Kanyenye mpaka stesheni. Watu walidhani tuna mashindano ya mbio. Nimerukia behewa, yeye akautupa mwiko ukanipata hapa kisogoni. Ndiyo maana napiga mluzi, bwana. Nikiimba sana kidonda kinauma."

Bwana Kahawa alicheka mpaka akapaliwa. Barazani watu walianza kucheka, kisha wakakumbuka nani ameketi nao, wakamgeukia Bibi, vicheko vimewasimama midomoni.

Bibi alifungua macho. "Mwongo mkubwa," akasema kwa utulivu. "Sikumpata kisogoni. Nilimpata mgongoni."

Nilidhani dari itaanguka kwa vicheko. Mzee mmoja alilala kabisa juu ya mkeka. Lakini mimi sikucheka. Mimi nilikuwa na chupa ya asali mikononi siku ile, mimi nilijua. Nikasimama, nikaweka mdomo kwenye kitambaa cha redio, nikapiga kelele:

"Mjomba! Siyo kweli! Bibi hakukufukuza! Alikubebea karanga! Alilia!"

Mkono wa Bibi ulinivuta gauni kwa nyuma na kiganja chake kikaniziba mdomo, kina harufu ya karanga. Na redioni mjomba alikuwa bado anacheka. Hilo ndilo lililoniumiza. Nilijua amenisikia, na ameamua kuendelea kucheka.

Siku zilizofuata nilimchukia kwa moyo wote wa mtoto wa miaka minane. Halafu nikaanza kumtetea: labda barazani kulikuwa na makelele mno, labda hakunipata vizuri. Nilikuwa darasa la pili na najua kuandika. Nikachana karatasi katikati ya daftari nikaandika barua, ambayo naikumbuka neno kwa neno kwa sababu baadaye nchi nzima iliisikia.

"Bwana Kahawa, salaam. Mimi ni mpwa wa Saidi Mluzi. Bibi hakumfukuza na mwiko. Alimpa karanga na matobolwa, mimi nilibeba asali. Treni ilipoondoka Bibi alikaa chini akalia sana. Mwiko wetu haujatupwa, uko jikoni. Mwambie Mjomba. Wasalaam."

Nilimpelekea Fundi Rajabu, kwa kuwa anwani ya kipindi alikuwa ameiandika kwa chaki ukutani nyuma ya cherehani. Aliisoma taratibu, kipande cha uzi kiko kati ya meno yake.

"Bibi yako anajua?" akauliza.

"Anajua kwamba siyo kweli."

Hakuwa ameuliza hilo. Hata hivyo alitafuta bahasha na stempu. Miaka mingi baadaye alinieleza kwamba alidhani watu wa Dar es Salaam hawasomi barua za watoto.

Walisoma. Jumamosi ya nne baada ya ile, kabla ya mgeni kuingia, Bwana Kahawa akasema ana barua kutoka Tabora. Alianza kuisoma kwa sauti nyembamba ya kitoto, na watu barazani wakaangua kicheko aliposema "mimi ni mpwa". Bibi aligeuza shingo, akanitazama. Niliangalia miguu yangu. Bwana Kahawa aliendelea, karanga, matobolwa, asali, na alipofika pale Bibi alipokaa chini sauti ya kitoto ikamwishia. Akayasoma maneno yale kwa sauti yake mwenyewe, polepole. Hata mwiko ulioko jikoni haukumchekesha.

"Bwana Mluzi," akasema, "umeshikwa, mtani wangu. Na wewe mama uliye huko Tabora, shikamoo."

Kisha akaweka wimbo. Barazani wote walimtazama Bibi, kwa huruma, na huruma yao ilikuwa nzito kuliko kicheko. Alikunja mkeka wake, akawaaga vizuri, akaenda zake. Nilimfuata nyuma hatua kumi.

Nyumbani alikaa kwenye kigoda. "Nani alikutuma?"

"Alisema uongo, Bibi."

"Nilijua alichokisema. Mimi si nilikuwepo?"

"Sasa kwa nini ulisema ulimpata mgongoni?"

"Ule ni utani!" akasema, na sauti ikapanda. "Mtani akija msibani akamcheka maiti, kwako ni mwongo? Hana huruma? Mwanangu amekaa peke yake mbele ya watu wasiohesabika, ametoa neno la mzaha. Ulitaka nimwache nalo mikononi? Nilimpokea. Hilo ndilo nililoweza kumfanyia nikiwa hapa." Kisha, chini kabisa: "Na kulia kwangu kulikuwa kwangu. Umekupeleka redioni."

Yaliyofuata aliyasema Kinyamwezi, na sikuyaelewa yote, na sikuomba tafsiri.

Jumamosi iliyofuata hakwenda. Wala ile nyingine. Saa ilipofika alikaa uani na ungo wa karanga, akizimenya, na vicheko vya barazani vikatujia juu ya ukuta, kimoja baada ya kingine. Fundi Rajabu alimtuma mkewe kuja kumwita. Bibi akajibu, "Mwambie nashukuru, mgongo unaniuma." Mimi sikwenda pia. Nilimenya naye. Nilikuwa nimemwondolea furaha yake moja, na sikujua inarudishwaje. Ningejua ningeiandikia barua nyingine.

Asubuhi moja, saa ambayo treni ya kutoka Dar es Salaam huwa imekwisha kufika, alisimama mlangoni kijana mwembamba na gitaa ndani ya mfuko wa kitambaa. Bibi alikuwa anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Vidole havikuacha kuchambua. "Umekonda."

"Ndiyo, mama."

"Miaka miwili, barua moja."

Mjomba aliweka gitaa chini, akaingia jikoni, akatoka na mwiko. Akaulaza juu ya ungo, katikati ya mchele. Kisha akapiga magoti, akamgeuzia Bibi mgongo, akainamisha shingo.

"Nimekileta kisogo," akasema. "Safari hii piga kweli."

Nilidhani atampiga. Naapa nilidhani. Bibi aliutazama mwiko, akautazama ule mgongo uliovaa shati la mjini. Akanyoosha mkono uliojaa vumbi la mchele akauweka juu ya kisogo cha mwanawe, ukakaa pale. Mabega ya mjomba yakaanza kutikisika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilishindwa kujua kama mtu analia au anacheka.

Baadaye, wakinywa uji, alisema yote. Kila alipokaa kuandika barua aliona aibu kwamba mwezi uliopita hakuandika, basi akaiacha, na mwezi ukawa miwili. Na siku ile ya kahawa, alipoulizwa mama alisemaje, alimwona Bibi kwenye kokoto, jinsi alivyomwona kutoka dirishani mpaka treni ilipopinda. "Yule bwana ananitazama na kikombe chake, watu wananingoja wacheke. Ningesema kweli ningelia mbele yao. Nikasema la kwanza lililonijia."

"Najua," Bibi akasema. "Ulivuta pumzi kwanza. Tangu mtoto, ukitaka kulia unavuta pumzi hivyo. Nikajua sasa anatafuta pa kujificha."

Nikakumbuka kile kimya na kikombe kilichowekwa chini. Nilikuwa nimekisikia kama yeye. Nilidhani anakunywa kahawa.

"Na wewe, mpwa wangu," mjomba akanigeukia, "barua yako ilisomwa mimi nikiwa kwa kinyozi. Nusu ya kichwa imenyolewa. Kinyozi akasimamisha wembe akaniuliza, 'Ni kweli?' Nikamwambia malizia upande wa pili nikatafute nauli ya treni. Nauli ilinichukua karibu wiki mbili."

"Mimi nilikwambia siku ile ile," nikasema. "Nilikwambia kwa sauti. Ukacheka tu."

Walitazamana. Mjomba ndiye aliyenieleza, kwa upole, kwamba redio inasema lakini haisikii. Nilimkatalia. Nikamletea ushahidi wangu wote, kile kimya cha Bwana Kahawa na "Nashukuru" yake. Hakunicheka. Alisema yule bwana ananyamaza kwa sababu anajua tunajibu, hata kama yeye hatusikii. Niliikubali nusu yake.

Alikaa nasi siku tano, akaondoka Alhamisi. Safari hiyo Bibi alimuaga mlangoni tu, akamwambia, "Andika, hata ukiwa huna la kusema." Aliandika. Si kila mwezi, lakini aliandika mpaka Bibi alipofariki, na mimi ndiye niliyemsomea.

Jumamosi ya wiki ileile, baada ya alasiri, nilimkuta Bibi amesimama mlangoni na mkeka chini ya kwapa. Hakuniambia twende. Nilimfuata. Barazani watu walisogea wakatupisha bila maneno, na Fundi Rajabu akaongeza sauti kidogo, ingawa ilikuwa inatosha.

Mgeni alikuwa bondia. Akasema hajawahi kumwogopa mwanaume yeyote ulingoni, lakini nyumbani kwao kuna jogoo, na yule jogoo akiwa uani yeye hupitia dirishani. Alieleza jinsi siku moja alivyokwama dirishani, nusu ndani nusu nje, na jirani akamkuta hivyo na kumwomba sahihi yake. Watu walikuwa hoi. Mimi, ambaye sasa nilijua mengi kuhusu watu wanaochekesha redioni, nikamsogelea Bibi sikioni.

"Bibi, ni kweli, au anatafuta pa kujificha?"

"Sijui," akasema, macho kwenye redio. "Sogea, unaniziba."